Wimbo Umefika Kilwa, Mwimbaji Angali Mchinga

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lau wangalikuwa nasi leo, yamkini wangaliongeza neno la tatu, kwamba kizuri siku hizi chajigawa. Wimbo mzuri haungoji tena duka wala mwuzaji. Hutoka katika simu moja ukaingia katika nyingine, hupanda bodaboda, huvuka Rufiji, hulala Kilwa na kuamkia Dar es Salaam, na katika safari yote hiyo hapatikani mtu aliyeulipia nauli. Jambo ninalotaka tulizungumze, mimi nawe, si la mitambo. Ni la nyumbani: iwapo wimbo hugawiwa bure, mwimbaji atakula nini, na jamaa waliomlea je?

Naandika nikiwa Mchinga, pwani ya Lindi, kaskazini ya mji, ambako watu huishi kwa uvuvi, minazi, korosho na ufuta. Huenda jina letu umekwisha kulisikia kwa njia nyingine. Vijana wa Kimachinga na wenzao wa kusini walipoingia katika mitaa ya Dar es Salaam na bidhaa mikononi na mabegani, jina la watu likageuka kuwa jina la kazi. Hata leo kila mchuuzi wa barabarani, awe ametoka Singida au Kigoma, huitwa machinga. Miongoni mwa bidhaa walizozitembeza zilikuwamo kanda za muziki. Kwa hiyo biashara ya nyimbo, na hasa biashara ya nakala za nyimbo, si jambo geni kwetu.

Kabla ya kuilaumu simu, yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikaanza kuuzwa madukani kama kitambaa au sukari. Baada ya uhuru, bendi zetu zilirekodi kwa wingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Aliyetaka santuri ilimbidi autazame mji wa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikawa nyembamba mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Nyimbo zilipendwa na taifa zima, lakini aghalabu hapakuwa na kitu cha kununua.

Hapo ndipo kanda ya kaseti ilipopata nguvu. Kampuni ya Philips iliitoa duniani mwaka 1963, na ilipoenea kwetu ilimpa mwananchi uwezo ambao santuri haikumpa, yaani uwezo wa kunakili. Watu walikaa mbele ya redio, kidole juu ya kitufe, wakingoja mtangazaji anyamaze ili wauteke wimbo. Baadaye nakala zikawa biashara, na wenye nyimbo hawakuambulia kitu. Marijani Rajabu, ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima, alimaliza miaka yake akiuza kanda za nyimbo zake mwenyewe huko Kariakoo, na alifariki mwaka 1995 akiwa hana mali. Namtaja ili tusije tukadanganyana kwamba umaskini wa mwanamuziki uliletwa na intaneti. Umaskini huo ulikuwapo tangu zamani. Intaneti imeukuta ukumbini, umekaa kitako.

Lakini yapo mambo yaliyobadilika kweli, na nimeyaona kwa macho yangu katika kijiji hiki. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika barabara ya kusini ilikuwa tope tupu. Kanda iliyotoka Dar es Salaam ilifika Mchinga imechoka kama abiria. Aghalabu ilikuwa nakala ya nakala, sauti ya mwimbaji imekauka, na mlio wa gitaa umejaa mvumo wa upepo. Hata hivyo ilipofika ilipokewa kwa heshima. Nyumbani kwetu palikuwa na redio-kaseti moja, nayo ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mama. Mwenye ruhusa ya kubonyeza alikuwa baba. Kanda ya dakika 60 ilibeba nyimbo kama kumi hivi, na tulizisikiliza zote, tuzipende tusizipende, mpaka tukazijua kwa mpangilio wake. Nyumba nzima ilikuwa na wimbo mmoja kwa wakati mmoja.

Sasa tazama leo. Kadi ndogo ya simu, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, yenye nafasi ya gigabaiti 4, huweza kubeba nyimbo zipatazo 1,000. Ni sawa na kanda mia za dakika 60, sanduku zima la kanda, ndani ya ukucha. Kwa muda mrefu vibanda vya kuchajia simu vilikuwa pia vibanda vya kuingizia nyimbo: unatoa kadi yako, unalipa hela kidogo, unarudishiwa imejaa. Mwenye kibanda alilipwa kwa umeme wake na kompyuta yake. Mwenye wimbo hakuwamo katika hesabu, wala mnunuzi hakumfikiria, kwa maana alijiona amenunua huduma ya kujaziwa na si wimbo.

Hata vibanda hivyo sasa vinapungua. Vijana hurushiana nyimbo bila waya, au huzipata katika makundi ya WhatsApp, au huzitazama YouTube. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo ilipo siri ambayo wengi hatuioni. Tunasema muziki umekuwa bure, ilhali kila siku tunaulipia. Tunanunua bando. Mama anayesita kutoa shilingi mia tano kwa ajili ya wimbo hununua kifurushi cha shilingi elfu moja bila kupepesa, na nusu ya kifurushi hicho huishia katika nyimbo na video. Fedha haikukoma kutoka mfukoni. Imebadili njia tu. Zamani ilikwenda kwa mwuza kanda, leo inakwenda kwa mwenye mnara. Mwimbaji, kama ilivyokuwa zamani, amesimama kando akiitazama ikipita.

Na tabia ya msikilizaji nayo imegeuka. Kitu kilichopatikana kwa tabu hutunzwa. Kilichopatikana bure hufutwa. Wimbo huingia katika simu Ijumaa, hupigwa katika sabufa mpaka majirani wakaomba amani, na baada ya wiki mbili hufutwa ili kupisha mwingine. Ukimwuliza kijana nani kauimba, hukuimbia kiitikio chote, lakini jina hulijui wewe wala yeye. Tumekuwa watu wenye nyimbo nyingi na waimbaji wachache.

Niruhusu nikueleze yaliyotokea katika jamaa yangu, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kaka yangu ni mkulima wa ufuta. Mwanawe wa pili ni kijana mwenye sauti na maneno. Huimba singeli, ule muziki wa mbio uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ukaenea kwa kadi na simu kabla redio hazijaukubali. Msimu mmoja baba yake alimpa fungu la fedha za ufuta, akitaraji kwamba ataanzia malipo ya pikipiki. Kijana akaenda Lindi mjini, akaingia katika studio ndogo, akarudi na wimbo.

Nitasema ukweli bila kumpendelea kwa kuwa ni damu yangu: wimbo ulikuwa mzuri. Aliwarushia rafiki zake wanne jioni ile ile, nao wakawarushia wengine. Baada ya wiki chache, katika sikukuu ya Idi, ndugu yetu aliyeolewa Kilwa Masoko akanitumia wimbo katika simu akaniandikia, "Dada, sikiliza huu, huku ndio unaotuchezesha." Nilipoufungua, nikakuta ni sauti ya mtoto wetu. Lakini jina lake halikuwapo. Katika kuhama kutoka simu hadi simu, mtu mmoja alikuwa amelifuta na kuandika jina la kibanda chake. Wimbo ulikuwa umefika Kilwa na kurudi Mchinga kama yatima.

Usiku ule palikuwa na baraza nzito uani kwa kaka yangu. Kijana alikuja na ombi la fedha za msimu wa pili, ili arekodi wimbo mwingine.

"Baba," alisema, "watu wananijua sasa."

"Wanakujua?" baba yake akamjibu. "Wanaujua wimbo, mwanangu. Wewe hawakujui. Mwenye kibanda ndiye wanayemjua. Mama yako amekopa mafuta ya kupikia dukani, na wewe unaniambia habari za kujulikana."

Kijana akanigeukia. "Shangazi, niambie wewe, ningeuficha wimbo wangu chini ya mto?"

Ndugu msomaji, wote wawili walikuwa na haki, na hiyo ndiyo taabu ya jambo hili. Lau kijana angaliuza wimbo ule nakala moja moja, usingalivuka hata kijiji cha pili. Nani angalimnunua asiyejulikana? Kwa kuugawa, ulifika asikoweza kufika kwa miguu. Lakini kule ulikofika haukumletea hata nazi moja.

Nikawaza juu ya bibi zetu. Kabla ya santuri na kanda, ni nani aliyenunua wimbo katika pwani hii? Hapana. Ngoma ilipigwa uwanjani na kila mwenye masikio alisikia bure. Hata hivyo manju hakulala njaa. Mwenye shughuli alimlisha na kumvika, na wachezaji walimtuza. Mtu aliyeguswa na neno alijitoma katikati ya duara, noti au kanga mkononi, akampa mwimbaji mbele ya macho ya watu. Hivyo basi desturi ya kununua wimbo kama bidhaa ilidumu muda mfupi tu, tangu siku za Siti mpaka jana. Simu imeturudisha katika desturi ya kale ya kusikia bure, ila imeondoa duara. Msikilizaji yu peke yake kitandani, vidude vya masikioni vimemziba, na hakuna jicho linalomwona akiguswa. Mahali pasipo jicho hapana tuzo. Tatizo letu, kwa hiyo, si kwamba nyimbo zinagawiwa, bali ni kwamba uwanja wa kutuzia umepotea.

Nilimweleza kijana mawazo haya, naye, kwa kuwa vijana ni wepesi, akapata dawa kabla sijamaliza kusema. Aliurudia wimbo ule, na mwanzoni kabisa, kabla ya ngoma kuingia, akatamka jina lake, jina la Mchinga, na namba yake ya simu. Kisha akarudia jina katikati, palipo na maneno ambayo hayawezi kukatwa bila kuuharibu wimbo. Akaugawa tena bure. Mwezi uliofuata simu ikaanza kulia: harusi Kitomanga, harusi Lindi mjini, sherehe ya jando huko njia ya Kilwa. Hakutajirika. Lakini alilipa deni la mafuta dukani, na mama yake hakuulizwa tena. Kaka yangu hakumpa fedha alizoomba. Alimpa kipande cha shamba, akamwambia, "Ufuta wa hapa ni wako. Ulime, upalilie, na mavuno yake imbia." Sijui msomaji ungaliamuaje, mimi niliona hukumu ile ina busara.

Yaliyotupata sisi yameipata dunia nzima, kila mtu kwa kipimo chake. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alianzisha Napster, watu wakabadilishana nyimbo kwa kompyuta bila kulipa. Mahakama ikaifanya ifungwe mwaka 2001, lakini mlango ulikwisha kufunguka. Mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalianguka kwa zaidi ya miaka kumi, na yalianza kuinuka tena baada ya mwaka 2014, watu walipozoea kulipia haki ya kusikiliza badala ya kununua wimbo wenyewe. Boomplay ilianza mwaka 2015, ikija imekwisha kuwekwa ndani ya simu za bei nafuu. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021. Wapo waliofaidika. Kufikia mwaka 2020 video za Diamond Platnumz zilikuwa zimetazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 900. Lakini malipo ya huko hujengeka kwa wingi mno, na mwimbaji wa kijijini anayesikilizwa na watu elfu mbili hapati cha kununulia hata kitoweo.

Serikali nayo haikulala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na ndiyo iliyoizaa COSOTA. Januari 2022 wasanii waligawiwa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300, iliyotokana na kazi zao kutumiwa. Mwaka 2023 ikawekwa tozo ya asilimia 1.5 katika vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Naona hekima katika tozo hiyo: imekiri kwamba watu watanakili watake wasitake, basi kadi yenyewe imchangie mwimbaji. Lakini tozo haitamfikia asiyejulikana. Kijana asiyeisajili kazi yake ni kama mvuvi asiyetia alama katika dema lake. Samaki watakapogawanywa, atadai kwa ushahidi gani?

Lipo jambo la mwisho ambalo sharti nilitaje, kwa maana mimi ni mwanamke na najua kinachoimbwa ndani. Si kila wimbo uliimbwa ili usambae. Katika unyago zipo nyimbo zinazomfunza mwali mambo ya mwili na ndoa, nazo huimbwa mlango umefungwa. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizipandisha baadhi jukwaani kwa hiari yake, akiwa fundi anayejua lipi la kusema na lipi la kufunika. Leo simu moja iliyofichwa ndani ya kanga huweza kuutoa unyago mzima nje, na kabla mwali hajatolewa, wavulana sokoni wamekwisha kumsikia. Hapa hasara si ya fedha. Ni ya mtoto wa watu, ambaye siri yake imeibwa, na haiwezi kurudishwa kwa mahakama yoyote. Katika unyago mmoja wa jirani yangu nilimwona nyakanga akisimama mlangoni na ungo mkononi, na kila aliyeingia aliweka simu yake humo, mkubwa kwa mdogo. Hakuna aliyenung'unika. Naliona lile kuwa sheria nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa.

Nisieleweke kwamba nautamani ule wakati wa redio moja juu ya kabati. Kwa simu hiyo hiyo mama yangu mzee humsikia leo Mbaraka Mwinshehe, aliyetutoka mwaka 1979, wakati wowote autakao, bila kungoja huruma ya mtangazaji. Na kwa simu hiyo singeli imetoka vichochoroni ikafika majukwaa ya Ulaya. Neema ni neema. Ninachokuomba, wewe mzazi na wewe kijana, ni kwamba tuujenge upya uwanja wa kutuzia. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na wala hawakusema chanda kivikwe sifa. Ukifanya shughuli, mwite mwimbaji wa kwenu umlipe, badala ya kupiga wimbo wake katika sabufa na kumwacha yeye ajipenyeze kama mgeni asiyealikwa. Ukiwa na mtoto mwenye kipaji, mpeleke akasajili kazi yake kabla hajairusha. Ukiingia penye nyimbo za ndani, iache simu mlangoni.

Na leo jioni, mwenzio atakapokuomba umrushie wimbo, mrushie, huwezi kumnyima. Lakini mrushie pamoja na jina la aliyeuimba.